Sylus Alivyoipa Folda ya Maji Jina Lake

Harith, huwezi kuamini! Sylus, yule anayejiita mtaalamu wa kompyuta wa kamati ya maji, leo ameumbuka mbele ya Sagalla nzima.

Programu ya kompyuta inayopanga zamu za maji, iliyoandikwa kwa lugha ya Perl, imegoma. Mitungi imepangwa hadi barabarani, punda wa kubeba maji wakiwa mwisho wa foleni, na mfereji haufunguliwi bila orodha.

"Mashine imezeeka," Sylus akasema. Mashine!

Teresia, karani wetu, akasoma kosa kwenye skrini: Maji::Zamu haipatikani. "Kaka, folda ya Maji iko wapi?"

"Niliibadilisha. Sasa inaitwa Sylus."

Inaitwa Sylus, Harith! Perl inaitafuta faili ya Zamu ndani ya folda ya Maji, yeye kajiandika mlangoni! Jasho lililomtoka lingejaza tangi.

Teresia akarudisha jina, orodha ikatoka. Sylus akaomba maji ya kunywa.

"Panga laini," akaambiwa, "nyuma ya punda."