Jua la Bure

Wanangu,

Uji wa baba yenu uko kwenye chupa ya chai. Mnywesheni kwa kijiko, polepole, kisha mgeuzeni ubavu wa pili. Pazia msilifungue, mwanga unamuumiza macho.

Mimi nimeenda maabara kutolewa damu tena. Kipimo cha kwanza kilionyesha vitamini D imeniishia, ndiyo maana mifupa inauma na ngazi zinanishinda. Leo wanaangalia kama vidonge vimesaidia. Daktari aliniuliza mara ya mwisho niliota jua lini.

Asubuhi nilipowaeleza, wewe mkubwa ulicheka mpaka chai ikakutoka puani. “Mama, mtu anakosaje jua? Si la bure!” Mdogo wako naye akadakia: “Labda alilifungia kabatini.” Nikacheka nanyi, kisha nikaingia kumbadilishia baba yenu shuka.

Ni la bure, mwanangu, kwa mwenye wa kumwachia mgonjwa. Tangu baba yenu apooze, mmoja ana kazi, mwingine kichwa kinamuuma, na mimi ndiye mwenye nafasi.

~~Nitarudi upesi.~~ Nikishatolewa damu nitakaa kwenye benchi pale nje, juani, mpaka nichoke. Msinipigie kuuliza sabuni iko wapi. Iko pale pale ilipo siku zote.

Baba yenu akiita jina langu, msimjibu mkiwa sebuleni. Ingieni. Mara nyingi hana anachotaka, anataka tu kujua kama kuna mtu.

Mama yenu