Bi Zaina na Lori la Mwani

Nguvumali, Tanga

Kwa dada yangu Skolastika,

Shikamoo dada. Mdogo wako ni mzima, linalonishinda ni joto la huku tu. Goti lako linaendeleaje? Na kahawa ya Mbinga imechanua? Ningekupigia simu, ila mtandao wa huko hukatika kila mara, na haya nataka uyapate yote.

Wiki iliyopita tajiri, mwenye lori ninaloendesha, alinituma Moa, kijiji cha pwani karibu na mpaka wa Kenya, nikachukue mwani wa kikundi cha kina mama. Wanaulima baharini, wanauanika, wanaujaza kwenye viroba. Mnunuzi alikuwa anaupokea Tanga mjini jioni ileile, na mawingu yalishatanda. Mwani mkavu ukinyeshewa, kazi ya miezi imeharibika.

Lori ni zee, ila lilikuwa halijawahi kuniangusha. Siku hiyo lilimisi njia nzima: linatetemeka, linapoteza nguvu, linatoa moshi mweupe. Tulipomaliza kupakia nikaliwasha, likakohoa mara tatu, likazima. Nikampigia fundi wetu wa mjini, nikamsikilizisha nikijaribu kuliwasha tena. Akasema, "Hiyo injini imekwisha, ishushwe ifumuliwe yote." Nilipompigia tajiri, naye akaniambia, kama ni hivyo, atalivuta akaliuze chuma chakavu. Dada, nilikaa kwenye ngazi ya kabini nikajiona sina kazi tena.

Hapo akaja mama wa makamo, kanga kiunoni, mikono imejaa unga hadi viwikoni. Ni Bi Zaina, mwendesha mashine ya dizeli ya kusaga unga pale kijijini.

"Limeanza lini, mwanangu?"

"Mama, hii ni injini ya silinda sita, si mashine ya unga."

"Nimekuuliza limeanza lini."

Unanijua nilivyo mbishi, lakini nilijibu. Nikamwambia lina siku kama nne. Akauliza, tenki likijaa linakuwaje? Nikafikiri. Kumbe likijaa hutulia, likifika nusu ndipo huanza vituko. Miaka yote hii ya udereva, na sikuwahi kuyaunganisha hayo mawili!

Akaomba spana. Akapampu dizeli kwa mkono mpaka lori likakubali kuwaka, kisha akalegeza bomba la kila nozeli, zile zinazopulizia dizeli kwenye silinda, moja baada ya jingine, huku ametega sikio. Kila alipolegeza, injini ilishuka; alipokaza, ilipanda.

"Umesikia? Zote sita zinachapa kazi. Ingekuwapo iliyokufa, ningeilegeza na injini isingejali."

Akamtuma mmoja wa kina mama wa mwani kwa mwashi akaazime ule mpira mwangavu wa kupimia usawa wa ukuta. Akaunga kipande kwenye njia ya dizeli, kabla ya pampu. Tulipowasha, tukaona dizeli inapita imejaa mapovu kama soda.

"Linavuta hewa," akasema. "Tenki likijaa, dizeli hujisukuma yenyewe; likipungua, pampu huivuta na hewa hupenya. Tutafute linavutia wapi."

Akaingia chini ya lori, akalala mchangani, akawa anapaka grisi kwenye bomba linalotoka kwenye tenki, shibiri kwa shibiri. Mimi nikakodolea macho ule mpira mwangavu. Ghafla mapovu yakakata.

"Yamekoma, mama! Yamekoma!"

Grisi ilikuwa imeziba ufa karibu na mwisho wa bomba, mahali linaposuguana na fremu. Ufa wenyewe hata ukucha hauingii. Akakata kipande kilichopasuka, akachomeka bomba upya, akakaza klipu. Injini ikanguruma kwa utulivu ambao sikuwahi kuusikia tangu nikabidhiwe lori hilo. Nikamuuliza amejifunza wapi.

"Mashine yangu ilinisumbua msimu mzima. Mafundi wakaniambia ninunue injini mpya. Sikuwa na uwezo huo, nikaifungua mwenyewe. Mara ya kwanza nilikosea kuifunga, mara ya tatu ikakubali."

Nikampigia tajiri, nikamsikilizisha. Akasema, "Njoo nalo." Nikamwomba Bi Zaina radhi kwa maneno yangu, nikamuuliza nimpe nini.

"Injini nazijua," akasema, akiangalia usukani. "Ila sijawahi kuendesha kitu kinachotembea. Leo wahi. Ukirudi, nitakaa pale."

Nilifika mjini mvua ikianza kudondoka, na viroba vyote viliingia ghalani vikavu. Juzi nilirudi Moa na lori tupu. Nikampeleka kwenye uwanja wa mpira asubuhi, nikamweka kwenye usukani, mimi nikakaa kwenye kiti cha utingo. Lilimzimikia mara mbili. Mara ya tatu likaondoka taratibu, gia ya kwanza, kina mama wa mwani wakitufuata kwa vigelegele. Hakugeuka kuwatazama hata mara moja. Tulipofika goli la pili nikamwambia, "Haya, simama sasa mama."

"Nisimame nina nini?" akasema, akakata kona.

Msalimie shemeji, na baba mdogo katekista mwambie sijaacha kusali. Binti yako mbusu kwa niaba yangu. Likizo ikifika nitapanda basi la kuja huko.

Nakupenda dada yangu, uliyenilea.

Mdogo wako,
Ponsiano