Munene wa Nini

Kendi dada yangu,

Natumaini barua hii itakukuta hapo Makutano ukiwa mzima, na mama goti limempa nafasi ya kufika kanisani. Mimi niko salama. Joto la huku bado linatupiga, na kule ndani ya chumba cha dobi cha hoteli, kati ya mashuka na mvuke, ni kama kuishi ndani ya sufuria.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu ya nyumbani huwekwa spika, na baba husikia yote. Hili asilisikie bado.

Ulisema fundi wa mawe anaanza Jumatatu kuchonga jiwe la kaburi la babu, na baba ameagiza maneno haya: "Alikaribia kuwa Rais wa Kwanza wa Jamhuri." Unajua tulivyolelewa na habari hiyo. Mimi nimeisimulia hata hapa, wakati wa chai. Nikaongeza kwamba kama babu angetawala, Ikulu ingekuwa kwake Mikinduri, karibu na zizi, na mawaziri wangekutana baada ya kukamua.

Wote walicheka isipokuwa Njiru, yule wa Manyatta ya Embu anayepiga pasi. Akauliza, "Babu yako mwenyewe alisemaje?"

Nikamwambia, "Alisema kwa lugha yetu alikaribia kuwa munene wa kwanza, yaani mkubwa."

"Munene wa nini?"

"Munene ni munene, bwana."

"Kwetu hata chifu ni munene. Hata bosi wa hii pasi ni munene."

Kendi, hebu fikiria. Miaka yote hiyo hakuna aliyeuliza.

Basi nikampigia shangazi, maana alikuwa msichana mkubwa wakati baba bado anachunga mbuzi. Alicheka hadi akakohoa. "Munene wa josho," akasema. "Josho la ng'ombe. Lilikuwa jipya, na Jamhuri ilikuwa mpya. Baba yako alikuwa anafundishwa wimbo wa taifa shuleni wiki hiyo. Akachanganya."

Nikamuuliza babu alishindwaje. Akaniambia watu walipiga kura kwa mlolongo, kila mtu nyuma ya anayemtaka. Babu akaona kusimama mbele ya mlolongo wake mwenyewe ni kukosa adabu, akaenda kusimama nyuma ya mpinzani wake. Alishindwa kwa mtu mmoja, na huyo mmoja alikuwa yeye.

Tangu hapo nawaza. Sijui nchi ingekuwaje kama mtu wa namna hiyo ndiye angeshika usukani siku ya kwanza. Labda tungekuwa bado tunapishana mlangoni mwa Ikulu, "ingia wewe", "hapana, wewe kwanza". Lakini ningependa kuiona, hata kwa wiki moja.

Sasa shida ni baba. Watu wa Tigania yote watakuja kuliona jiwe, na wazee wa josho wawili bado wako hai na wana midomo. Wakimcheka siku ya kulizindua, hatainua kichwa tena. Na mimi nikimwambia ukweli, nitakuwa nimemnyang'anya baba yule babu aliyeishi naye miaka sitini.

Kwa hiyo nenda kwa fundi kabla ya Jumatatu. Mwambie aache Rais, aache Jamhuri, achonge tu: "Alikaribia kuwa Munene wa Kwanza." Baba akiuliza, mwambie ni maneno ya babu mwenyewe, na hutakuwa umedanganya. Baba atasoma lake, wazee wa josho watasoma lao.

Barua hii anakuletea Njiru, anaenda likizo. Mpe chai, lakini asikae sana na baba. Ana maswali.

Nisalimie mama, shemeji wa lori, na shangazi, umwambie aendelee kunyamaza. Mwalimu wa kwaya mwambie sauti ya tatu bado ni yangu.

Ni mimi ndugu yako anayenyoosha mashuka ya watu,
Mwenda