Ulimi wa Machibya

Kasokola, 11 Juni 2023

Mdogo wangu Telesfori,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku tunaendelea vizuri, ila mama magoti yanamsumbua tangu baridi ianze, na mimi kikohozi cha moshi ndiyo kawaida yangu. Wewe na hiyo baridi ya Arusha mnaelewana? Unakula lakini?

Chupa yako ya bia imefika salama. Nimeifungua Jumapili iliyopita baada ya misa, nikamimina kwenye glasi kama ulivyoagiza, siyo kwenye kikombe. Nyeusi kama maji ya kuoshea sufuria! Nikasema huyu mtoto kanitumia nini. Kuonja, kwanza kahawa, halafu kitu kama ukoko wa ugali ulioungua, halafu kwa mbali utamu umejificha. Nimeipenda. Mama kaonja akatema, anasema hiyo ni dawa ya mifugo.

Mimi sasa hivi niko na wanzuki ya siku ya nne. Asali niliyoipikia ni ya Litapunga, ile nyeusi ya porini, na moshi wa mrinaji bado unausikia ndani. Inauma ulimi kidogo halafu inateleza. Nakutumia chupa moja kwa kondakta pamoja na barua hii. Kizibo nimekitoboa kwa sindano, isije ikalipuka tena Singida basi zima likanuka kilabu.

Siku hizi nina mwonjaji. Anaitwa Machibya, Msukuma mwenye ng'ombe ng'ambo ya mto, mtu wa makamo, mpole. Anakunywa kikombe kimoja tu, kidogo kidogo, macho kafumba. Juzi kaniambia, "Mayu, hii umeiwahi siku moja." Mayu ndivyo wanavyowaita akina mama. Na kweli nilikuwa nimeitoa kabla haijaiva.

Kuna jambo linaninyima raha. Mdogo wetu Deo karudi kutoka machimboni, kidole cha shahada cha mkono wa kulia kimekatikia huko. Nikienda shamba namwachia kilabu changu auze. Tangu arudi watu wanalewa vibaya. Mzee mmoja kaanguka mlangoni kwa vikombe viwili, na mwingine aliyelalamika Deo kamtandika ngumi, meno mawili chini. Wanzuki yangu haiangushi watu hivyo. Nikimuuliza ananikodolea macho tu. Unanishaurije?

Dada yako,
Agatha


Arusha, 24 Juni 2023

Dada Agatha,

Shikamoo dada. Mimi mzima, nakula, usiwe na wasiwasi. Mwambie mama nitamtumia dawa ya kuchua.

Chupa imefika na nusu yake, nusu nyingine kondakta anajua ilikokwenda. Ijumaa nikaipeleka kazini. Unajua kiwanda chetu ni kidogo, mapipa sita tu nyuma ya gereji, lakini kila Ijumaa wanakuja wapenzi wa bia, wanakaa kwenye mabenchi, kila mmoja anasema anakunywa nini na anasikia nini mdomoni. Dada, waligombea matone ya mwisho! Mama mmoja mwalimu wa kemia akasema, "Hii imepikwa na mtu asiye na haraka." Nikasikia fahari mpaka aibu.

Mimi hapa niko na ile bia chungu tuliyoitoa jana, ya rangi ya shaba. Inanukia ganda la chungwa, na uchungu wake haukuachi mpaka umeze mate mara tatu. Nakutumia mbili.

Kuhusu Deo, huyo anatia gongo. Hakuna kingine. Usibishane naye. Sisi hapa mtu akichezea pipa tunamwita mwonjaji, anaonja mbele ya watu wote, anasema alichokikuta. Aibu inamtosha mtu. Wewe una Machibya. Mwonjeshe pombe ya Deo kilabu kikiwa kimejaa, aseme kwa sauti. Deo atanywea.

Mdogo wako,
Telesfori


Kasokola, 9 Julai 2023

Telesfori mdogo wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Hali yako nitaiuliza siku nyingine.

Nilifanya ulivyosema. Ilikuwa jana Jumamosi, saa tisa alasiri, watu kama kumi na wawili. Deo alikuwa anachota kwenye ndoo yake. Nikachukua kikombe pale pale nikampa Machibya. Nikamwambia, "Nionjee hii, baba, useme watu wasikie." Akafumba macho. Akaonja. Akatema chini.

Akasema, "Mayu, humu kuna gongo. Na gongo lenyewe bovu. Mtu atapofuka."

Watu wakacheka kwanza. Halafu mmoja akasimama akamwaga kikombe chake miguuni kwa Deo, na mwingine naye. Mmoja akasema, "Kumbe tunauziwa sumu." Deo aligeuka nyuma, nikadhani anaondoka. Aliuchukua mchi ninaotwangia kimea.

Pigo la kwanza lilimpata Machibya sikioni. Ule mlio, Telesfori, ni kama kuvunja boga. Watu walikimbia wote, mabenchi yakapinduka, wengine walipenya ukutani, matete yakakatika. Machibya alipiga magoti, akalala ubavu. Alikuwa na akili zake bado. Aliinua mkono akasema, "Basi, ndugu yangu. Basi." Deo akamtazama vizuri kabisa, akapanga miguu yake kama mtu anayepasua kuni, akapiga tena.

La kwanza waliliona wengi. La pili nimeliona mimi peke yangu.

Nilivua kanga nikamfunga kichwa. Damu ilipita kwenye kitambaa kama maji kwenye chujio. Ndoo ilikuwa imemwagika, damu na pombe vikawa tope moja, na nyuki wakaja kwa ajili ya ule utamu, wakatua mpaka usoni kwake, nami nawafukuza kwa mkono. Alikata roho kabla pikipiki haijafika.

Deo alinielekezea mchi akasema, "Wewe ndiye umemuua." Kisha akakimbilia upande wa reli. Mpaka sasa hajulikani alipo.

Machibya ameacha mke, jina lake Minza, na watoto wanne. Ni mimi niliyempa kile kikombe.

Dada yako,
Agatha


Arusha, 20 Julai 2023

Dada,

Shikamoo. Pole na msiba. Poleni nyote, na mama pia.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Nina la kukuomba na naomba unisikilize kama mtu wa damu yako. Polisi wakikuuliza, sema umeona la kwanza tu. Ulikimbia kama wengine. Ugomvi wa pombe, mtu kapiga mara moja kwa hasira, haya mambo hutokea, na mahakama inayajua. Ukisema la pili, na kwamba yule mtu aliomba, unamtia Deo kitanzi shingoni kwa mkono wako. Marehemu hatafufuka. Mama atazika mtoto.

Usitume chupa tena. Nimehama chumba na mambo yangu hayajakaa sawa.

Mdogo wako,
Telesfori


Kasokola, 6 Agosti 2023

Telesfori,

Tumsifu Yesu Kristo. Mwandiko usikushangaze, naandika kwa mkono wa kushoto.

Ndugu za Machibya walikuja Jumatatu asubuhi, napepeta mahindi. Walikuwa saba, na fimbo, wawili na mapanga. Hawakuuliza neno. Walianza na mitungi, wakaivunja mmoja mmoja, wakaja kwenye mapipa, wakaja kwenye banda wakalitia moto. Chupa zako zilikuwa ndani, nilizisikia zikipasuka. Mama walimtoa nje na kiti chake wakamweka chini ya mpapai, hawakumgusa. Mimi walinishika. Mmoja aliukanyaga mkono huu wa kulia, mwingine akaupiga fimbo pale juu ya kiwiko mpaka nikaona mfupa. Mwenye panga akanishika nywele akaniinamisha.

Ndipo Minza akatokea. Alikuwa amekimbia njia yote kutoka ng'ambo. Alilidaka panga kwa kiganja, Telesfori, kwenye makali, akalishikilia. Damu inatiririka kwenye kiwiko chake inanidondokea shingoni, naye anawaambia, "Huyu ndiye aliyemfunga mume wangu kichwa. Wengine wote walikimbia. Nyie mkimuua huyu, nani atasema alivyokufa?"

Wakamwachia panga. Mmoja wao alikaa chini akalia kama mtoto.

Hospitali tulilala vitanda jirani, mimi na Minza. Vidole vyake vitatu havikunji tena. Aliniuliza swali moja tu: "Alisema nini mwishoni?" Nikamwambia. Nikamwahidi kwamba nitalisema na mbele ya hakimu.

Sasa lako. Kondakta kaja kunipa pole. Katika maongezi akasema barua yangu ya Julai hukuipokea wewe pale stendi. Aliipokea mwanamume aliyejitambulisha kuwa ndugu yako, mkono wa kulia hauna kidole cha shahada. Kwa hiyo Deo ameisoma. Anajua kwamba la pili nimeliona mimi tu. Na wewe ulipokuwa unaniandikia nidanganye, yeye alikuwa amekaa pembeni yako.

Nimetoka polisi sasa hivi. Nimewapa jina lako na mahali pa kazi yako. Barua hii naiandika leo Jumapili, lakini nitaikalia, kondakta ataichukua Alhamisi. Utakapoisoma watakuwa wameshafika.

Dada yako,
Agatha


Arusha, 14 Agosti 2023

Agatha,

Wamemchukua. Walifika saa moja asubuhi, wakamkuta anakunywa chai na mkate nilioununua mimi. Alinyoosha mikono mwenyewe. Alipokuwa anaingia garini akaniuliza kama mama ameshaambiwa.

Tumbo moja lilituzaa watatu. Wewe umechagua watu wa ng'ambo ya mto. Usiniandikie tena, na chupa zako usinitumie, sitazipokea.

Telesfori


Kasokola, 2 Juni 2024

Mdogo wangu Telesfori,

Tumsifu Yesu Kristo. Ulinikataza kuandika, nami nimenyamaza miezi tisa na zaidi. Leo nakuarifu tu, maana ni haki yako kujua. Natumaini u mzima.

Kesi ya Deo imeanza kusikilizwa mjini Mpanda. Jumanne nilipanda kizimbani. Wakili wake ni kijana mwenye maneno matamu. Akaniuliza, "Wewe ni mpika pombe?" Nikasema ndiyo. "Siku hiyo ulikuwa unakunywa nini?" Nikamjibu, wanzuki ya siku ya tatu, nusu kikombe, ilikuwa bado na utamu. Watu walicheka, hata karani. Akasema, "Kwa hiyo mahakama imwamini mlevi anayekumbuka utamu." Nilirudia tu nilichokiona. Nilipofika pale kwenye "basi, ndugu yangu", Deo aliinama akawa anakuna meza kwa kucha.

Mama haongei nami tangu Agosti. Amehamia kwa mama mdogo kule Mpanda, na kila anayemsalimia anamwambia kwamba mimi nilikimbia na wengine, kwamba hilo pigo la pili nimelitunga kwa kumchukia mwanawe wa mwisho. Wale waliokuwepo kilabuni wanasema hawajui, walikuwa mbio. Hawadanganyi. Basi limebaki neno langu na neno la Deo. Shauri linaendelea tarehe 19.

Minza anakuja kila siku anakaa benchi la nyuma, mtoto mgongoni. Pombe nimeacha kupika. Siyo kiapo, ni kwamba kila nikifunika pipa nasubiri mtu fulani aje aniambie nimeiwahi, na haji.

Dada yako,
Agatha


Arusha, 12 Juni 2024

Dada Agatha,

Shikamoo. Shikamoo mara mbili, na ya mwaka jana niliyokunyima.

Deo alikaa kwangu mwezi mzima. Nilikuwa nikirudi na chupa kutoka kazini anazimaliza zote, bila kuonja, anameza tu kama mtu anayezima moto. Niliogopa, lakini ni mdogo wangu, nikawa namfulia nguo. Ile barua ya kukuomba udanganye niliiandika mimi. Yeye alikuwa anaisoma begani kwangu, lakini mkono ulikuwa wangu, siwezi kumsingizia.

Mwanzoni mwa Agosti nilimwambia arudi ajisalimishe, nitamsindikiza. Tulikuwa tumekaa mezani, mchana kweupe. Alinipiga na chupa iliyojaa, hapa juu ya jicho la kushoto. Nikaanguka. Nilimwambia basi, Deo, inatosha. Alisimama juu yangu akasubiri, kama anayepima, ndipo akanipiga tena. Kisha akacheka akasema, "Na yule Msukuma naye alisema basi."

Hiyo ni kauli yake mwenyewe. Niliisikia kwa masikio yangu.

Kazini niliwaambia pipa limepasuka. Jicho hilo sasa linaona mwanga tu, sitambui sura. Polisi walipomchukua nilifurahi, dada, na furaha ile ndiyo iliyonitia hasira, nikaimwagia kwako. Mtu gani anafurahi nduguye akifungwa pingu? Nikaona ni afadhali nikuchukie wewe uliye mbali.

Jana nimempigia wakili wa serikali nikamweleza yote. Akaniuliza kama niko tayari kulisema hilo mbele ya mama yangu. Nimemwambia niko tayari. Sijui kama ni kweli. Nimekata tiketi ya basi la Jumapili.

Mama atakuwa amekaa mbele, namjua. Nitakwenda kwanza kumwamkia, na nitamwacha aliguse hili jicho. Halafu nitapanda kizimbani.

Mdogo wako,
Telesfori