Pindo la Ndani

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mgongo je, bado unagombana na cherehani? Mimi mzima.

Majibu ya Kitindamimba wetu yametoka. Vinasaba vyake nimevisoma mwenyewe hapa maabara, sehemu zote zenye kazi, sikuona kasoro. Kilichomuua kaka, yeye hana. Arudi kwenye mbio zake. Zilizobaki ni takataka tu. Ni nyingi ajabu, lakini hazina kazi, huwa hatuzisomi.

Mwanao

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, mgongo tu ndio mkaidi. Nilipomsomea mdogo wako barua aliruka mpaka akamwaga kopo la vifungo. Nililia, sikufichi. Tangu moyo wa kaka yako usimame kazini, kila huyu akikimbia nilikuwa nageuka pembeni.

Ila neno moja limenikwama: takataka. Nilikuwa na fundi hapa akikata pindo la ndani la kila gauni, eti halionekani, la nini? Mteja akinenepa au akirefuka, hakuna cha kufumua, nguo ndiyo basi. Nilimfukuza. Hizo zenu si pindo? Au mshona nguo najitia ujuaji.

Baba yako

28 Juni

Baba,

Nimepiga simu tangu asubuhi, hampokei; naandika huku nikiendelea kupiga. Leo ana mashindano, usimwache akimbie!

Neno lako lilinikera, nikarudi kusoma sehemu tulizoziruka, zake na za kaka, ambaye damu yake bado tumeihifadhi maabara. Kuna kipande kimekatika, kilekile kwa wote wawili. Chenyewe hakijengi chochote. Kinaziambia sehemu za moyo lini zifanye kazi. Nilikosea, Baba. Mshike mkono. Nijibu hata neno moja.

Mwanao

12 Julai

Mwanangu,

Sijui nikuulize hali vipi.

Simu niliisahau juu ya cherehani. Nilikuwa uwanjani namshangilia. Aliongoza mpaka kona ya mwisho, akaanguka, nikadhani amejikwaa.

Tulimvisha gauni la bluu nililomshonea mwaka juzi. Kumbe amerefuka, halikufika magotini. Nikalifumua pindo, vidole vitatu. Likamtosha.

Hukuwahi maziko, kwa hilo sikulaumu. Kwa lile lingine, leo sikulaumu, kesho sijui.

Barua yako nimeirudia mara nyingi. Unasema umesoma vinasaba vya wote wawili. Tumbo lilizaa watatu. Vyako umevisoma?

Baba yako