Mlevi Aliyekwenda Kuposa

Mjukuu wangu Salma,

Kwa heshima kubwa natangaza kwamba birika letu hapa mtaani Darsait, Maskati, limepata kifuniko kipya. Bibi yako hajambo, anakusalimu.

Unauliza kama ukubali kuigiza mwizi chuoni. Kubali. Ujanani Unguja niliigiza mlevi vizuri hata baba wa bibi yako akaikataa posa yangu.

"Simwozeshi mlevi!"

"Mzee, ule mchezo tu."

"Na kuyumba kule ulijifunza wapi?"

Nimeigiza mpaka kwenye televisheni ya hapa Maskati, sifa kama ile sikuipata tena.

Mchezo uliofuata nikawa shekhe, kwa ndevu za pamba. Wiki ile ile mzee akakubali. Maisha yangu yote nnazisifu ndevu zile.

Jana bibi yako kaniambia babake hakuja kuutazama mchezo ule. Alikubali kwa sababu yeye bibi yako alikuwa kagoma kula.

Babu yako