Pazia kati ya Kaka na Dada

Kolofo'ou,
Nuku'alofa, Tonga.
9 Agosti 2018

Mpendwa binamu Lupe,

Hujambo huko Utah, pamoja na shemeji na watoto? Yale magoti yako yamepata nafuu? Sisi tunapumua, tunamshukuru Mungu, ila nyumba imepoa tangu tulipomzika dada Sela. Kwenye simu nililia tu, sikukueleza kitu.

Unajua tulivyoringa na kaka Filimone. Nani mwingine hapa mtaani ana kaka anayepasua vifua vya watu Brisbane, tena anatafiti dawa mpya ya kuiamsha kinga ya mwili ipigane na saratani ya mapafu? Kanisani tulimwombea hadi mchungaji akachoka nasi.

Kumbe saratani yenyewe iko jikoni kwetu. Sela alianza kukohoa msimu wa kuchimba viazi vikuu, akawa anashika ubavu, chini ya titi. Nikamwambia ampigie kaka. Akanitolea macho. "Nimtajie kaka kifua changu? Una wazimu wewe! Bora nife na heshima yangu." Adabu zetu unazijua: kaka na dada hata televisheni hawatazami pamoja. Akanikataza nisiseme, naye ndiye mkubwa wetu.

Alipokubali kwenda hospitali, alikuwa amebaki mifupa. Daktari wa hapa akamtumia kaka picha za kifua kuomba ushauri, kama afanyavyo siku zote, bila jina la mgonjwa. Kaka akajibu kwamba kisu hakifai tena. Dawa yake ingeweza kumsaidia kama angeletwa mapema. Ndugu wa huyo mama waanze kuagana naye. Lupe, alimkatia tamaa dada yake bila kumjua!

Nilipompigia kumwambia mgonjwa huyo ni nani, alikata tiketi ya ndege usiku uleule.

Alikuja. Sela akakubali wazungumze, sharti pazia liwe katikati. "Umepasua vifua vya watu wote," akamtania kwa pumzi ya kuokoteza, "changu ndicho kimekushinda?" Kaka akacheka, kisha nikamsikia akilia kama mtoto. Pazia halikufunguliwa.

Mazishini, udaktari wake haukumpa kiti. Mbele ya dada, kaka ni wa chini. Alijifunga kiunoni mkeka mkuukuu uliochanika, vazi la msiba la walio chini, akashinda nyuma ya nyumba kwenye moshi, akifukia nguruwe na magimbi kwenye tanuri la shimo, chakula cha waombolezaji. Mwili hakuusogelea. Iliniuma sana kumwona vile.

Ameshaondoka. Uwanja wa ndege alisimama mbali nami, maana mimi pia ni dada yake. Ujumbe akauleta mkewe: nikapigwe picha ya kifua, na jina langu liandikwe juu yake.

Nimetoka hospitali asubuhi hii. Jina nimeliandika mwenyewe, kwa herufi kubwa.

Nisalimie shangazi Kalolaine na mapacha wake. Mungu awafunike nyote. Na wewe ukikohoa, Lupe, usituonee haya.

Ni mimi nduguyo nikupendaye,
Seini